Mwenza Huyu ni wa Nyota Ipi?

Mwaka 2002 wanaastronomia waliokuwa wakitumia darubini ya Euler, yenye kioo cha mita 1.2, kwenye mlima wa La Silla nchini Chile, walitangaza habari ya nyota inayoyumba. Nyota hiyo, HD 41004, ilionekana ikisogea kutujia kisha ikirudi nyuma kila baada ya siku 1.3, kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde. Kwa aliyezoea kazi hii, maana ilikuwa wazi: kuna kitu kinaizunguka. Tangu Michel Mayor na Didier Queloz walipoipata sayari ya 51 Pegasi mwaka 1995 kwa njia hiyohiyo, kuyumba kwa nyota kulikuwa kumeshakuwa cheti cha kuzaliwa cha sayari. Hesabu ya haraka ingetoa sayari yenye uzito wa kukaribia Zohali, iliyojibana karibu kabisa na nyota yake.

Timu haikutangaza sayari hiyo, na ilikuwa sahihi. Kilichokuwapo kilikuwa kizito zaidi ya mara hamsini kuliko hesabu hiyo ya haraka, na kilizunguka nyota nyingine kabisa.

Kisa hiki nakiweka mbele kwa sababu kinabeba suala zima la magimba madogo kuliko nyota yanayoishi kwenye mifumo ya nyota mbili, tatu au zaidi. Habari zinazotufikia huuliza kama gimba lipo, lina ukubwa gani, na kama kunaweza kuwa na uhai. Kwenye mifumo hii swali la kwanza ni jingine: ni la nani? Nyota zikiishi pamoja, mwanga wao huchanganyika, uvutano wao hugombana, na kila kipimo tunachochukua kina wenyewe zaidi ya mmoja. Ukipita kwenye makosa makubwa ya fani hii katika miaka thelathini na kitu iliyopita, utayakuta mengi yakitokana na kumpa mwenyewe asiyehusika kitu kilichoonekana.

Na mifumo ya namna hii si michache. Kati ya nyota zinazofanana na Jua, karibu nusu zina angalau mwenza mmoja. Jua letu, lililo peke yake, si la ajabu, lakini si kielelezo cha wote pia.

Tuseme kwanza gimba dogo kuliko nyota ni nini. Nyota huwa nyota kwa kuunguza hidrojeni katika kiini chake kwa myeyungano wa kinyuklia, na kazi hiyo inahitaji uzito usiopungua mara 75 hadi 80 ya ule wa sayari ya Mshtarii. Gimba lisilofika hapo hushindwa kuwaka sawasawa. Likiwa na uzito wa zaidi ya Mshtarii 13 hivi, litaunguza kwa muda deuteriamu, ile hidrojeni nzito iliyo adimu, halafu litapoa taratibu kwa mabilioni ya miaka. Hicho ndicho kibete kahawia. Chini ya 13 tunasema sayari. Mpaka huo wa 13 ni wa urahisi wa mazungumzo zaidi kuliko wa maumbile, maana kitu cha Mshtarii 12 na cha Mshtarii 14 vinaweza kuwa vimezaliwa kwa njia moja, na vingine vya uzito sawa kabisa vikawa na asili mbili tofauti. Shiv Kumar alikuwa ameshaeleza kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba vitu hivi lazima viwepo. Jill Tarter akavipa jina hilo la kahawia mwaka 1975. Lakini ilibidi kungoja hadi 1995 ndipo vikaonekana bila ubishi.

Vilipoanza kuonekana, pakatokea jambo lisilotarajiwa. Karibu na nyota zinazofanana na Jua, kwa umbali wa chini ya mara tatu ya ule wa Dunia na Jua, vibete kahawia karibu havipo. Sayari zipo nyingi, nyota wenza zipo nyingi, katikati pana uwazi ambao wanaastronomia wameuita jangwa. Chini ya nyota moja katika mia ina kibete kahawia katika eneo hilo. Ndiyo maana kila kimoja kinachopatikana humo hugombewa kama shahidi: kinaweza kutuambia kwa nini jangwa lipo.

Turudi HD 41004. Iko umbali wa miaka ya nuru 140 hivi, katika kundinyota la Mchoraji. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Mtwara anayeijua Suheli, ile nyota kali ya kusini inayopanda juu jioni za Januari na Februari, anatazama eneo hilohilo la anga: HD 41004 iko nyuzi sita tu kutoka Suheli. Macho matupu hayaioni, ila darubini ya mkononi itamwonyesha nukta moja hafifu. Kwa kweli ni nyota mbili. Kubwa, A, ni ya rangi ya chungwa na ndogo kidogo kuliko Jua. Ndogo, B, ni kibete chekundu, na kati ya mwanga wote wa nukta ile, mchango wake ni kama asilimia 3 tu. Zimeachana kwa umbali wa mara 23 hivi ya Dunia na Jua, ambao ukiutazama kutoka hapa ni nusu ya sekunde ya tao. Kwa kifaa cha spektra kilichofungwa kwenye Euler, kiitwacho CORALIE, mwanga wa zote mbili huingia kwa mlango mmoja.

Hebu fikiria wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Mashua kubwa imetulia na karabai kali, na ubavuni mwake kuna ngalawa yenye kibatari. Ukiwa ufukweni unaona taa moja. Ngalawa ikipanda na kushuka na mawimbi, ile taa moja itaonekana ikitikisika kidogo sana, nawe utasema mashua ndiyo inayotikisika. Utakuwa umekosea mara mbili: aliyetikisika si yule, na mtikisiko wenyewe ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Mtikisiko huo hupimwa kwa mistari. Mwanga wa nyota ukitawanywa kuwa rangi zake, huonekana mistari myeusi ambapo gesi za nyota zimemeza rangi fulani. Nyota ikija kwetu mistari yote huhama kuelekea buluu. Ikienda mbali, huhama kuelekea nyekundu. Nyota inayoyumba kweli huhamisha mstari mzima, kitako na ukingo, bila kuubadilisha umbo. Kwenye HD 41004 mistari haikuhama tu. Ilikuwa ikipinda: upande mmoja wake ukiegemea kushoto, siku moja na theluthi baadaye ukirudi palepale, na mpindo huo ukienda sambamba na kasi iliyopimwa. Mistari hafifu ya B ilikuwa ikipita ndani ya mistari minene ya A, mara upande huu, mara upande ule, na kuivuta mabega. Nuno Santos na wenzake walioichapisha kazi hiyo mwaka 2002 walisema wazi katika kichwa cha makala yao kwamba walichonacho ni kibete kahawia kilichojifanya sayari.

Uthibitisho ulikuja mwaka uliofuata. Shay Zucker na Tsevi Mazeh wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walikuwa wamebuni, tangu 1994, njia ya hesabu inayolinganisha spektra moja na vielelezo viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha kila nyota, na kutafuta jozi ya kasi inayolingana vizuri zaidi na mwanga uliopokelewa. Wakishirikiana na timu ile ya darubini ya Euler waliitumia kwa HD 41004, na nyota mbili zikaachana. B ilikuwa ikiyumba kwa kilomita 6 hivi kwa sekunde, siyo mita 50. Kinachoiyumbisha kina uzito usiopungua Mshtarii 18.4, nacho hukamilisha mzunguko kwa siku 1.33. A ilipobaki peke yake, ikaonekana nayo ina lake: sayari yenye uzito usiopungua Mshtarii 2.5, kwenye njia ndefu yenye umbo la yai, inayomaliza mzunguko kwa siku 963 hivi. Nyota mbili, na kila moja na mwenza wake, kibete kahawia huku na sayari kule. Katika miaka ile hapakuwa na mfumo mwingine wa aina hiyo uliojulikana.

Umbali wa kibete kahawia hicho kutoka nyota yake ni kilomita milioni 2.6 hivi, kama mara saba ya umbali wa Dunia na Mwezi. Kukiwa na mtu wa kusimama pale, angeiona nyota yake nyekundu ikifunika anga kwa upana wa zaidi ya mara ishirini ya Jua tunavyoliona sisi. Nyota A ingekuwa nukta tu, bali nukta ya mwanga wa mara mamia ya mwezi mpevu.

Huo ni ushindi, na nimekaa nao kwa makusudi, kwa sababu upande wa pili wa daftari una hasara nyingi. Mwaka 2005 Maciej Konacki alitangaza katika jarida la Nature sayari ya joto kali kwenye mfumo wa nyota tatu, HD 188753, ikizunguka kwa siku 3.35. Magazeti yaliivalisha jina la Tatooine, sayari ya filamu ya Star Wars yenye machweo ya jua mbili. Nyota mwenza wa pale ni jozi inayozungukana kwa siku 156, na mwanga wa zote tatu unaingia pamoja kwenye kifaa. Miaka miwili baadaye Anne Eggenberger na wenzake walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona sayari yoyote. Haijaonekana tena hadi leo.

Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya jirani zetu wenyewe. Alpha Centauri, ambayo Kiswahili cha falaki kinaiita Rijili Kantori, ni jozi ya nyota zinazofanana na Jua, A na B, na ya tatu, Proxima, ikizunguka mbali. Nyota B ilidaiwa kuwa na sayari ya uzito wa Dunia yenye mwaka wa siku 3.24. Kuyumba kwenyewe kulikuwa kwa nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa. Mwaka 2015 Vinesh Rajpaul na wenzake wa Oxford walitengeneza data bandia zisizo na sayari, wakazichukulia vipimo kwenye usiku uleule ambao darubini ilifanya kazi, na mzunguko uleule wa siku 3.24 ukajitokeza. Sayari ilikuwa imetengenezwa na ratiba ya kazi. Hapa naona kosa halikuwa la uzembe: data ilibidi isafishwe mvuto wa nyota A, madoa ya nyota B na mengine, na kila kinachosafishwa huacha alama zake.

Picha nazo hudanganya, ingawa tumezoea kuziamini kuliko hesabu. Mwaka 2016 ilichapishwa katika Science picha ya gimba la uzito wa Mshtarii minne hivi kwenye mfumo wa nyota tatu wa HD 131399. Lilikuwa mahali pa ajabu, likielea umbali wa mara 80 ya Dunia na Jua ilhali jozi ya nyota wenza iko umbali wa mara 300 hivi tu. Ajabu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2017 timu ya Eric Nielsen ilionyesha kwamba mwendo wake angani haulingani na wa nyota hizo, na kwamba ni nyota ya nyuma kabisa isiyo na uhusiano nazo, iliyojipanga tu mbele ya macho yetu. Makala ile baadaye iliondolewa rasmi.

Gliese 86 ni kosa la namna nyingine. Nyota hiyo ina sayari kubwa inayoizunguka kwa siku 15.8, na mwaka 2001 ilipigwa picha ikiwa na mwenza hafifu ambaye wachunguzi walimwona kuwa kibete kahawia. Mwaka 2005 Markus Mugrauer na Ralph Neuhäuser walipopata spektra yake ikabainika ni kibete cheupe: mabaki ya nyota iliyokwisha kuishi na kufa, si gimba lililoshindwa kuwa nyota. Hafifu na hafifu si sawa.

Kuna pia kosa la kinyume, la kukataa kitu kilichopo, nalo ndilo linalonisikitisha zaidi. Gamma Cephei katika kundinyota la Kifausi ni nyota ya kuonekana kwa macho, ingawa sisi wa kusini mwa Ikweta tumenyimwa: ukiwa Dar es Salaam haipandi hata nyuzi sita juu ya upeo. Bruce Campbell, Gordon Walker na Stephenson Yang waliifuatilia kwa miaka mingi kwa darubini ya Hawaii, wakitumia chupa ya gesi ya floridi ya hidrojeni, sumu kali inayokula vioo, kama rula ya kupimia mistari ya spektra. Mwaka 1988 waliandika kwamba, mbali na nyota mwenza, kuna dalili ya kitu kidogo chenye mzunguko wa miaka miwili na nusu hivi. Ilikuwa miaka saba kabla ya 51 Pegasi. Mwaka 1992 timu ikarudi nyuma: nyota ilikuwa imehesabiwa miongoni mwa nyota majitu, na kulikuwa na dalili za mabadiliko kwenye uso wake yenye muda unaofanana, basi wakasema pengine tunachopima ni kujizungusha kwa nyota yenyewe. Artie Hatzes na wenzake walipounganisha vipimo vya miaka yote mwaka 2003, sayari ilikuwepo, yenye mwaka wa siku 903 hivi, na nyota mwenza ikizunguka kwa kama miaka 66. Kwa hiyo tahadhari nayo ina gharama yake. Nisingeweza kuwalaumu: wakati ule hakuna aliyejua sayari za namna hiyo zinaruhusiwa.

Kama zinaruhusiwa au la, hilo ni swali la uvutano. Paul Wiegert na Matthew Holman walilifanyia kazi mwaka 1999 kwa kompyuta, na matokeo yao bado ndiyo mwongozo. Katika jozi ya nyota zenye uzito sawa zinazozungukana kwa duara, gimba linaweza kudumu kwa nyota mojawapo ikiwa halivuki kama robo ya umbali uliopo kati ya nyota hizo. Njia za nyota zikiwa za umbo la yai, nafasi hiyo inapungua, kwa sababu kinachohesabika ni pale zinapokaribiana zaidi. Alpha Centauri A na B huachana hadi mara 35 ya Dunia na Jua, kisha hurudi hadi mara 11 katika mzunguko wa miaka 80 hivi. Sayari ya mojawapo haipaswi kuvuka mara tatu hivi.

Kudumu ni jambo moja, kuzaliwa ni jingine. Sayari huzaliwa katika sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa, na nyota mwenza aliye karibu huikata sahani hiyo kwenye theluthi au robo ya umbali wao, akaifanya nyembamba, ya moto na ya kuisha haraka. Adam Kraus na wenzake walizipiga picha kali nyota 382 zilizokwisha kugunduliwa sayari na chombo cha Kepler, wakahesabu wenza. Makadirio yao ya mwaka 2016 yalisema kwamba mwenza akiwa ndani ya umbali wa mara 47 hivi, uwezekano wa kuwa na sayari hushuka hadi kama theluthi moja ya ule wa nyota zisizo na mwenza wa karibu hivyo. HD 41004 na Gamma Cephei, kwa mara 23 na 20 hivi, ziko ndani ya eneo hilo la uhaba. Sayari zao ni za wachache waliosalimika.

Halafu ipo Nu Octantis, inayovunja kanuni zote. Nyota zake mbili zimeachana kwa mara 2.6 tu ya Dunia na Jua, na tangu David Ramm na wenzake walipoona dalili zake kwenye miaka ya 2000, sayari iliyodaiwa ilikuwa karibu nusu ya njia kati yao, mahali ambapo mwongozo wa Holman na Wiegert unasema haiwezi kudumu. Wengi waliitilia shaka kwa miaka mingi. Kilichokuwa kikiiokoa kwenye hesabu ni sharti moja la ajabu: iwe inazunguka kinyume na mzunguko wa nyota. Mwaka 2025 makala katika Nature ilithibitisha kwamba ipo, inamaliza mzunguko kwa kama siku 400, na inakwenda kinyume kweli. Ikaonekana pia kwamba nyota mwenza ni kibete cheupe, yaani aliwahi kuwa nyota kubwa zaidi kabla ya kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Mfumo ulipokuwa kijana, sayari hiyo isingeweza kuzaliwa pale ilipo. Ama ilikuwa ikizizunguka nyota zote mbili kwa mbali kisha ikahamia ndani, ama iliundwa upya kwa gesi iliyomwagwa na nyota inayokufa. Sioni mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi hivi kwamba historia ya gimba dogo imo ndani ya historia ya nyota jirani.

Jirani aliye mbali naye hanyamazi. Mikhail Lidov wa Urusi na Yoshihide Kozai wa Japani walionyesha, kila mmoja kivyake, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwamba njia ya gimba ikiinama kwa zaidi ya nyuzi 39 hivi kuhusiana na njia ya mwenza wa mbali, basi kwa muda mrefu mwinamo na umbo la yai vitabadilishana: njia iliyokuwa duara itarefuka, na gimba litakuwa likipita karibu mno na nyota yake. Sayari ya 16 Cygni B, iliyotangazwa 1996 katika mfumo wa nyota tatu, ina njia ndefu namna hiyo, na maelezo hayo ndiyo yaliyotolewa kwake mwaka mmoja baadaye. Kali zaidi ni HD 80606 b, ambayo nyota jirani yake iko mara 1,200 hivi ya Dunia na Jua. Mwaka wake ni siku 111, na kila inapoikaribia nyota, joto lake hupanda kutoka nyuzi 500 hivi za selsiasi hadi zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa sita. Darubini ya Spitzer iliipima.

Mchakato huo unaweza kutusaidia kwa kibete kahawia cha HD 41004 B. Kisingeweza kuzaliwa pale kilipo, kilomita milioni 2.6 kutoka nyota, kwa sababu hakuna nafasi wala gesi ya kutosha. Kilizaliwa mbali zaidi kikasogezwa. Nyota A, kwa umbali wake wa mara 23, inaweza kuwa ndiyo iliyoirefusha njia yake, na kila kilipopita karibu na B mawimbi ya kujaa na kupwa ndani ya miili yao yakanyonya nguvu ya mwendo hadi njia ikafupika na kubaki karibu duara. Hayo ni maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi, ingawa hayasemi chochote kuhusu kuzaliwa kwenyewe. Kwa upande huo ushahidi unaegemea asili ya kinyota: uzito wa mwenza ni kama sehemu moja ya ishirini na tatu ya nyota yake, na sahani ya kibete chekundu haina mali ya kutengenezea sayari nzito kiasi hicho. Mwaka 2016 darubini ya ALMA huko Chile ilionyesha mfumo mchanga wa nyota tatu, L1448 IRS3B, ambamo sahani moja inavunjika vipande na vipande kuwa nyota. Kipande kimoja cha mwisho, kisichopata gesi ya kutosha, kingebaki kuwa kibete kahawia. Sioni haja ya kutafuta njia ya mbali zaidi kuliko hiyo.

Vibete kahawia nao wakati mwingine huishi wawili, na hapo swali la mwenyewe hurudi kwa mlango mwingine. Gliese 229 B, kimojawapo cha viwili vya kwanza kuthibitishwa mwaka 1995, kilipimwa kwa mwendo wake kuwa na uzito wa Mshtarii 71, lakini kilikuwa hafifu mno kwa uzito huo. Kwa miaka kadhaa watu walihariri nadharia za kupoa kwa vibete. Mwaka 2024 ikaonekana ni viwili, vya Mshtarii 38 na 34, vinavyozungukana kwa siku 12. Nadharia ilikuwa nzima. Walikuwa wamempa mmoja mali ya wawili. Na Epsilon Indi, miaka ya nuru 12 tu kutoka hapa, ina vibete viwili vinavyozungukana mbali, kwa umbali wa mara 1,460 hivi, na karibu na nyota yenyewe ipo sayari ya uzito wa Mshtarii sita hivi ambayo darubini ya Webb iliipiga picha mwaka 2024. Ilikutwa mahali pasipotabiriwa na hesabu za kuyumba, na nzito kuliko zilivyosema.

Webb ndiyo iliyoleta pia dai la karibuni zaidi. Agosti 2024 iliitazama Alpha Centauri A ikiwa imezibwa mwanga wake, ikaona nukta hafifu inayoweza kuwa sayari ya uzito wa Zohali, umbali wa mara mbili hivi ya Dunia na Jua, ndani ya eneo linaloruhusiwa. Februari na Aprili 2025 ikatazama tena, nukta haikuwapo. Waandishi walifanya hesabu na kusema kwamba katika karibu nusu ya njia zinazowezekana ingekuwa imejificha karibu na nyota siku hizo. Walipoitangaza Agosti 2025 waliiita mgombea, si sayari, na naona wametumia neno linalostahili. Hadi ionekane tena mahali ambapo uvutano unaitaka iwepo, haijapata mwenyewe.

Kuna kipimo kimoja kitakachosaidia zaidi ya vyote. Chombo cha Gaia cha Ulaya kilimaliza kuchukua vipimo Januari 2025, kikiwa kimefuatilia mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja kwa zaidi ya miaka kumi. Kupima mahali pa nyota angani, tofauti na kupima kasi yake tu, hutoa mwinamo wa njia, na mwinamo hutoa uzito halisi. Mkupuo wa nne wa data zake umepangwa kutolewa Desemba 2026. Utafaa zaidi kwa magimba yenye mizunguko ya miaka kadhaa, kama sayari ya Gamma Cephei, kuliko kwa kile cha siku 1.33. Kwa kibete kahawia cha HD 41004 B, zaidi ya miaka ishirini tangu kipatikane, tunachojua bado ni uzito wa chini: Mshtarii 18.4, au zaidi.